Ngazi ya Dungu

Mwezi uliopita tulimzika baba mdogo, kijijini Mbwera. Watu wakamsifu, eti marehemu alikuwa na huruma. Nikainamisha kichwa. Najua maiti hasemwi vibaya, lakini nimechoka kumsitiri. Mungu amsamehe, mimi bado.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wangu wa kike ana sita. Baba mdogo alituvusha kwa mtumbwi hadi shamba la mpunga ng'ambo ya mto, tuamie ndege wasimalize mavuno. Tulale kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti mirefu. Akasema anarudi kesho kutwa. Akaenda Nyamwage, akaoa, akatusahau. Maji yakajaa, pa kutokea hapana. Na jirani mkata mikoko naye namtaja: alipita, akatuona, akatupungia mkono, akaenda zake.

Siku za mwanzo tulikuwa watu. Tulinawa, tulisema bismillahi, na ukoko wa sufuria nilimwachia mdogo wangu, kama bibi alivyotuzoesha. Kiberiti kikalowa. Tukatafuna mpunga mbichi, halafu kaa wabichi, chumvi na tope mdomoni. Kunawa tukaacha. Bismillahi niliacha mimi kwanza. Siku moja tu nikajikuta nakula nimempa mgongo.

Kisha nikawa namtuma yeye akatafute kaa, mimi nabaki juu. Akirudi mikono mitupu, navuta ngazi.

"Huna kaa, hupandi."

Anasimama majini hadi kiunoni, na mamba wapo, ananiita kaka, kaka, polepole, kama aliyekosa ni yeye.

Ndivyo bibi alivyotukuta. Alidhani tuko Nyamwage, mpaka aliposikia bwana harusi yuko huko bila sisi. Akaazima mtumbwi, akapiga kafi mwenyewe. Akamtazama mtoto chini, akanitazama mimi na ngazi mkononi. Hakunipiga. Alisema tu, "Teremsha, mwanangu," akalia.

Leo lile shamba limeliwa na maji ya chumvi, mpunga hauoti tena. Bibi naye katangulia. Nimebaki na wapwa wangu, kila Idi wananibusu mkono, maana mama yao kawaambia mjomba ndiye aliyemlisha kule ng'ambo. Idi iliyopita nilimfuata mdogo wangu uani, nikamwambia nataka kuwaeleza ukweli.

Akaendelea kupepeta mchele, hakuniangalia.

"Nakumbuka yote, kaka," akasema. "Lakini wanangu mjomba wao ni mmoja."