Mto Uliobeba Sanduku la Rangi

Ile siku naikumbuka kama jana, mwanangu, na kabla hujabeba vifaa vyako vya kuchorea uende mtoni, keti kwanza. Najua simu imekwambia jua litawaka. Mimi pia redio iliniambia hivyo. Keti, chai bado ni moto, na ukitaka kunijibu kwa Kiingereza chenu, nijibu tu.

Nilikuwa nesi kijana, nakaa chumba kimoja mtaa wa Sparkhill, huku huku kwa Wazungu, na kila siku ya mapumziko nilishuka hadi mto Cole kuchora. Aliyenifundisha ni Mzee Gurdev, seremala mstaafu, Mhindi wa kilemba, mzaliwa wa Nakuru. Siku ya kwanza nilimkuta ukingoni akiyachora mawingu, akanisikia nikiimba Kiswahili, akaniuliza, "Mama, habari ya Kenya?" Karibu nimkumbatie. Kila mara kabla ya kugusa brashi alitazama mbingu dakika kumi nzima, upepo unatoka wapi, mawingu yanakwenda wapi, akayaandika nyuma ya karatasi. Mimi haraka ilikuwa inaniua.

Jumamosi moja aliniazima sanduku lake la rangi. Babake alilichonga kwa mkono wake akiwa fundi wa reli, na ndicho kitu pekee cha babake alichotoka nacho Kenya. Alinipa kwa mikono miwili, akabaki kwenye benchi kwa sababu ya magoti. "Kaa huku juu, Mwende," akasema. "Kule mto unakotoka kumekuwa kweusi."

Nikacheka. Juu ya kichwa changu mbingu ilikuwa samawati tupu. Na mimi, mwanangu, nimezaliwa Kitui kando ya mto wa mchanga, mkavu mpaka mvua inyeshe vilimani. Mama alituchapa akitukuta mchangani wakati vilima vimefunga mawingu, maana maji huja wewe ukiwa unaota jua. Hayo niliyajua hata meno ya utotoni hayajang'oka. Lakini nilijiambia, ule ni mto wa kwetu, huu wa Wazungu una adabu, una daraja na bata. Nikaruka jiwe hadi jiwe, nikaketi kwenye kisiwa cha kokoto katikati ya mto.

Wee, nilichora siku hiyo. Mwanga unakuja, unaondoka, kivuli cha wingu kinakimbia juu ya maji na mimi nakifukuza kwa brashi, moyo unadunda kama wa bibi harusi. Mara maji yakaanza kugeuka kahawia. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nikachanganya kahawia yangu, nikaipaka, nikajisifu kwa kuipata sawasawa. Nilishtuka maji baridi yalipoingia kiatuni.

"Mwende, toka huko!"

Nilikuwa na mikono miwili tu, na yote nikashikia picha yangu. Nikaruka hadi ukingoni ndipo nikakumbuka sanduku. Nikageuka, kisiwa hakipo. Sanduku la watu linaelea, linazunguka, linapita mbele yangu hatua tatu tu. Nikatia mguu majini kulifuata. Mkono ukanidaka ukosi wa koti, na mpaka leo sijui yale magoti yalimfikishaje pale.

"Sanduku ni mbao," akasema akihema. "Wewe ni mtoto wa mtu."

Nililia. Nilitaka anitukane nipoe, naye akaniuliza tu, "Kwani kwenu hakuna mito?" Hapo aibu ikaniingia kabisa. Nikamsimulia ya mama na mchanga. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi mamako alikufundisha mto. Wewe ukafikiri ni Kitui tu."

Maji yaliposhuka, siku ya tatu, tuliufuata ukingo, yeye na mkongojo, mimi mbele nikichungulia kila kichaka. Karibu na daraja la Coventry Road nililiona limenasa kwenye mizizi ya mti. Nilipiga kelele mpaka mbwa wa watu wakaanza kubweka. Rangi zote zilikuwa zimeoshwa, kila kijisahani cha rangi kimejaa tope. Mzee akaketi palepale, akachovya brashi kwenye lile tope, akauchora mto, na kule juu pembeni akaweka wingu jeusi. Ndiyo ile picha ya ukutani ambayo mmekuwa mkisema imemwagikiwa kahawa. Ile yangu niliyoiokoa sijui hata iliishia wapi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi Mungu aliniachia guu. Basi nisikilize. Itazame mbingu iliyo juu yako, kisha tazama zaidi kule mto unakotoka, kwa sababu maji yanayokufikia yamewanyeshea wengine kwanza. Mtu wako akibadilika ghafla, usikae ukishangaa rangi yake, muulize kumenyesha wapi. Na aliyokufundisha mzazi wako usiyaache nyuma ati umefika nchi ya watu. Siku ikikulazimu kuchagua cha kushika, kumbuka mikono ni miwili tu.

Haya, chukua sanduku. Mzee Gurdev aliniachia alipofariki, na sasa ni lako. Rangi ni mpya, ila kijisahani cha mwisho kina tope la siku ile, usikioshe. Mungu akupe mwanga unaoutaka, ayaongoze macho yako mpaka mbali, na akurudishe kwangu viatu vikiwa vikavu.