Ukuta wa Mbao Mbichi

Sasa kwani mbao inapitisha umeme? Ndivyo nilivyomjibu baba mdogo, na hata macho sikuyatoa kwenye simu.

Alikuwa amesimama kwenye jiko letu jipya la mbao hapa mtaa wa Ramadhani, ananyooshea kidole waya niliouvuta mwenyewe toka chumbani. Alisema pale ulipochubuka nipafunge tepu, usiguse ukuta hivyo, maana mbao zile alizipasua Makambako juzi tu na bado zina maji. Baba mdogo anapasua mbao tangu aishie darasa la saba. Mimi fizikia nilipata B. Nikamfundisha kama mtoto: shaba ni kondakta, plastiki na mbao ni insuleta, silikoni iko katikati, ndiyo inayofanya hiyo simu yako iwe na akili.

"Baba mdogo, wewe pasua mbao," nikamwambia. "Umeme tuachie tuliosoma."

Mama alicheka. Alijivunia. Masweta ya wanafunzi anayofuma ndiyo yaliyonisomesha.

Kesho yake asubuhi ukungu uliingia mpaka ndani. Mama alikuwa peku, anapangusa ukuta kwa kitambaa kibichi. Waya hakuugusa. Aligusa ubao, chini kidogo ya pale palipochubuka, akakakamaa, mkono umeng'ang'ania. Mimi nilisimama napiga kelele tu. Baba mdogo, aliyekuwa bado hajaondoka, ndiye aliyekimbilia swichi kuu akazima.

Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Mama vimeungua, havikunjiki. Sindano ya kufumia inamponyoka.

Leo nimempelekea uji, akaniambia niuweke chini, hataki kulishwa na mimi. Nikajitetea kwamba shuleni walisema mbao, hawakusema kavu wala mbichi. Akanitazama weee.

"Basi niletee hicho cheti chako," akasema. "Kinifumie."

Baba mdogo aliinuka. Alitoka, akarudi na kipande kilichobaki cha mbao zile, akanibwagia mapajani. Kizito kama jiwe. Nilipokiondoa, sketi ilikuwa imelowa.

Waya bado upo ukutani, hakuna aliyetaka kuusogelea. Kesho asubuhi nitahakikisha swichi kuu imezimwa, niung'oe wote kwa mikono yangu. Halafu nitamfuata baba mdogo Makambako, anakorudi leo jioni, nimuulize ubao mkavu unajulikanaje. Akijibu, nitanyamaza nisikilize.