Shavu la Mutiso Kwenye Mti wa Bunduki

Mtu anayetunga uongo huupa mwisho mtamu. Hiki nitakachokuambia hakina utamu popote, kwa hivyo usinisumbue kuniuliza kama ni kweli. Kilinipata mimi, hapa nyumbani kwangu karibu na Sultan Hamud, jua likiwa bado linaonekana, na pombe sijawahi kuionja tangu nizaliwe. Masomo yangu yaliishia darasa la tatu. Macho yangu hayakuishia hapo.

Mume wangu Mutiso alikuwa mlinzi wa shamba la machungwa. Kazi yake ilikuwa nyani na ndege. Tajiri alimpa bunduki ya upepo, ile inayorusha kirisasi kidogo kama punje ya mtama, na alipostaafu akaambiwa aende nayo. Baadaye tukasikia kwamba hata hizo zinatakiwa kibali. Mutiso hakubishana na mtu. Alifungua skrubu, akapeleka chuma kituo cha polisi, akarudi na ule mti wa kitako begani.

"Chuma ni cha serikali," akaniambia. "Mti ni wangu."

"Na nyani utawapiga na nini?"

"Nyani hawajui tofauti."

Huyo ndiye alikuwa Mutiso.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Mtu akilenga bunduki, hulaza shavu la kulia juu ya mti, karibu na bega. Mutiso alilaza shavu lake mahali pamoja miaka na miaka, jasho, vumbi, mafuta ya kujipaka, mpaka vanishi ikaisha na mti wenyewe ukalika. Pakawa na kibonde cheusi kinachong'aa, kipimo cha shavu lake kabisa. Hata alipozeeka alikuwa akikaa nje na huo mti usio na chuma, shavu limelala pale, anawalenga kunguru. Nikimtafuta nilijua nitamkuta hivyo.

Alikufa wakati wa kuvuna mbaazi. Sikulia. Watu walisema nina nguvu, wengine wakasema nina roho mbaya, na wote walikosea. Unajua mguu ukiukalia vibaya unakufa ganzi, unaupiga na husikii kitu? Moyo wangu ulikuwa hivyo. Nilipika, nikalima, nikaenda kanisani, nikaimba na sauti yangu ya juu. Yote hayo niliyafanya kama mtu anayefua nguo za jirani.

Halafu mke wa mwanangu Wambua, anaitwa Ndinda, akajifungua mvulana. Wajukuu wasichana ninao wawili, na wanashinda watoto wote wa lokesheni hii kwa akili, uliza mtu yeyote. Lakini mvulana huyu alikuwa wa kwanza, na kwetu mvulana wa kwanza huitwa jina la babu yake. Mimi ndiye ningemwita. Nilikuwa nimengoja jina hilo lirudi nyumbani kama vile mtu anangoja mvua. Nilijiambia, nikimwita "Mutiso" na kitu kikageuka, basi moyo utaamka.

Sisi Wakamba mtoto hapewi jina siku anayozaliwa. Hukaa kidogo bila jina, na wazee walisema siku hizo bado ni wa aimu, yaani wale waliotangulia. Hajafika kabisa. Yuko njiani. Akiitwa jina ndipo amefika.

Wambua akaniambia, "Mama, ule mti wa bunduki ya baba umekuwa mchafu sana. Ungeutengeneza tuutundike sebuleni siku ya jina, wageni wauone."

Hakuniomba kitu kigumu. Nilipoolewa, kutoka Nunguni kwenye baridi nikaletwa huku kwenye joto, riziki yangu ya kwanza ilikuwa kusugua vinyago. Wanaume wanachonga twiga na vifaru, wanawake tunapiga msasa na kupaka rangi. Kinyago kibaya kikipita mikononi mwangu kilikuwa kinanunuliwa. Sijisifu, ila ndivyo ilivyokuwa.

Dada ya Mutiso, Mueni, alinikuta nimeutoa mti nje. Mueni ni mzee kuliko mimi na mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Wifi, unafanya nini na hicho kitu?"

"Nakisafisha."

"Kabla mtoto hajapata jina? Hujui vitu vya mtu ambaye jina lake liko njiani havioshwi? Mama yetu hakuosha hata kibuyu."

"Mueni, mimi nimeokoka."

"Umeokoka mpaka masikio yameziba," akasema, akaenda zake na leso yake begani. Nilicheka kwa mdomo tu.

Nilianza. Nilipaka dawa ya kutoa rangi kwa brashi, nikangoja vanishi ya zamani iumuke kama uji unaotaka kumwagika, nikaikwangua kwa kisu butu. Nikafuta na thina. Palipokuwa na alama za kugongwa niliweka kitambaa chenye maji na pasi ya makaa juu, mvuke ukaingia, mti ukainuka wenyewe. Kile kibonde cha shavu nacho nikakiwekea pasi. Hakikuinuka. Pasi huinua mti uliobonyea, haiinui mti ulioliwa.

Fundi mwenye akili angekiacha. Mimi nilitaka mti laini, ulionyooka, wa kutundikwa mbele ya wageni. Nilichukua msasa mkali nikashusha mti wote wa juu mpaka ukalingana na kibonde, halafu msasa laini, mpaka weusi ukaisha na mti ukawa mweupe kama muhogo uliomenywa. Unga ulianguka mwingi, wa kahawia. Niliufagia nikautia jikoni, maana unga mkavu unashika moto haraka, nikateleka chai.

Ilikuwa jioni ya kuamkia siku ya jina. Wambua alikuwa ameenda mjini Salama kuchukua nyama. Ndinda na mtoto walikuwa wamelala nyumba ile nyingine, ng'ambo ya uwanja. Kuku walikuwa wanapanda kulala. Nilikuwa nimefungua mkebe wa rangi ya mbao niipake, nikasikia mtu anabisha langoni, "Hodi, wenyewe?"

Alikuwa mwanamume mwembamba amevaa kofia ya jua, ameishusha usoni. Alisimama kiubavu, shavu la kushoto likiwa upande wangu. Nilimkaribisha. Mgeni ni mgeni.

"Unataka maji au chai? Ila ukisema na mkate, hapa si hoteli."

"Chai," akasema.

Nilimmiminia. Aliishika, akainusa, akaikazia macho muda. Akaiweka chini bila kuonja. Nikaona vibaya, chai yangu hakuna aliyewahi kuiacha.

"Naomba kuuona huo mti," akasema.

Nikampa. Kwa nini nilimpa? Usiniulize. Mikono ilimpa. Akauweka begani kama mtu aliyezoea, akageuka ili alaze shavu, na hapo ndipo nikaliona shavu la kulia.

Halikuwa na kitu. Niamini. Sisemi lilikuwa na kidonda au kovu, kovu ni kitu. Upande wa kushoto kulikuwa na ndevu za mvi, mikunjo, alama za chunusi za ujana. Upande wa kulia ngozi ilikuwa tupu, imenyooka, nyeupe ya muhogo, bila ndevu, bila mkunjo, bila hata kitundu cha jasho. Mkono wangu ulijua kabla ya kichwa changu. Hiyo ilikuwa kazi ya msasa laini.

Wewe ungepiga mayowe. Mimi nilikaa. Nilimwangalia tu kama mtu anayeangalia ng'ombe wa watu akipita.

Alilaza shavu kwenye mti. Likateleza. Akalirudisha. Likateleza tena. Alisogeza uso juu, chini, mbele, nyuma, macho amefunga, kama mtoto mchanga anayetafuta titi na halipati. Sikutaka kuangalia lakini niliangalia.

"Hapakai," akasema.

"Nimepanyoosha."

"Nilikuwa hapa."

Akafungua macho. "Na kile ulichokitoa, umekiweka wapi?"

Nikamwonyesha jiko. Mkaa ulikuwa umeshakuwa jivu juu, na sufuria ya chai bado imekaa. Aliangalia jiko, akaangalia kikombe pale chini. Hakukasirika. Ningependa kama angekasirika. Aliniwekea mti mapajani polepole, akairudisha kofia yake vizuri.

"Basi, msichana wa Nunguni," akasema. "Kesho nitakuja nusu."

Akatoka. Nilisikia lango likifunga, na mbwa wetu, ambaye humbwekea hata mchungaji, alikuwa amelala tu mkia ukipigapiga chini. Msichana wa Nunguni. Duniani ni mtu mmoja alikuwa akiniita hivyo, tena tukiwa wawili tu, na nilikuwa nimeshamzika.

Nilifanya nini? Nilichovya kitambaa nikapaka rangi. Kazi ilikuwa haijaisha. Mti wote ulikunywa rangi vizuri, ukawa mwekundu wa udongo wetu, ila mahali pale pa shavu. Pale rangi ilikaa juu kama maji kwenye jani la nduma, nikifuta inatoka yote. Fundi atakwambia mafuta yalikuwa yameingia ndani sana. Inawezekana. Sibishani na mafundi.

Asubuhi nilimchukua mtoto mikononi, nikamwita Mutiso. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikangoja kile kitu kigeuke ndani yangu. Wambua akatundika mti ukutani, akasema, "Mama, hapa ulipasahau?" Nikamwambia sikupasahau.

Mtoto alianza kucheka wakati wake, hakuchelewa hata kidogo, ni mtoto hodari. Ndinda aliniita kwa furaha nije nione. Nikaona. Upande wa kushoto ulicheka, jicho likafinyika, mdomo ukapanda. Upande wa kulia ulibaki vile ulivyokuwa. Daktari alisema ni mshipa ulibanwa wakati wa kuzaliwa. Sawa. Na daktari pia sibishani naye. Lakini yule mgeni aliniambia mapema, na daktari hakuniambia.

Mueni hakunisema. Alikuja, akamwangalia mtoto, akakaa karibu nami bila neno mpaka jua likatua. Mueni, bila neno! Ndipo nilijua kwamba anajua.

Sasa mjukuu wangu anaenda nasari. Anahesabu kuwashinda wakubwa wake na anajua jina lake lote. Shavu la kulia bado limelala, ukilishika hasikii, nzi anaweza kutua. Akitoka shule anasimama kwenye kiti, anautoa mti ukutani, anaenda kukaa nje pale pale, analaza lile shavu lake lisilosikia kwenye ile sehemu nyeupe, na anawalenga kunguru. Hakuna aliyemfundisha. Pale mahali pameanza kuwa kahawia. Wambua alileta vanishi apake, nikaimwaga.

Bado sijalia. Ndinda hunishika bega mtoto akikaa hivyo, nami naona tu mkono wake juu ya bega langu.

Wewe unayesoma, kama kwenu kuna jembe ambalo mpini wake umelika pale marehemu alipokuwa akishika, au kigoda kilichoingia ndani pale alipokuwa akikalia, kiache na weusi wake. Usikioshe, usikipige msasa, hata kama utaona aibu mbele ya wageni. Kama jina lake bado liko njiani, ndiyo kabisa usikiguse. Mimi nilikuwa na mtu mzima kwenye ule mti. Nikamfagia, nikamtia jikoni, nikateleka chai.