Majamvi Mawili Bustanini

Juzi nilimpeleka binti yangu Chake Chake, tukaingia bustani ya mjini. Sijanyoosha hata mguu juu ya majani, mlinzi akapuliza filimbi kana kwamba nimeiba ndege.

"Bi, majani hayakaliwi. Mabenchi yale pale."

Nikainuka, nikapangusa nguo, nikamwomba radhi. Ningemwambia nini, msomaji wangu? Kwamba palepale aliposimama nimegaagaa utoto wangu wote kabla mama yake hajaolewa?

Kwetu ni Kengeja, shamba. Miti ya Kengeja ilikuwa mingi hata jua likipita kwa kuomba ruhusa, lakini hakuna mmoja uliopandwa ili utazamwe tu. Kila mti ulikuwa na kazi yake. Skuli zikifungwa msimu wa karafuu, nilipakiwa kwenye gari la abiria pamoja na mikungu ya ndizi na muhogo, nikashushwa Chake kwa bibi, mzaa mama. Siku ya kwanza alinipitisha bustanini, nikaona mti umezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, umekaa kama bwana harusi.

"Bibi, ule wazaa nini?"

"Hauzai kitu."

"Basi wafanya nini pale?"

"Wapendeza."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mji wenye nafasi ya kufuga mti usiofanya kazi, huo kwangu ulikuwa jiji. Mtu akiniambia ipo miji mikubwa kuliko Chake, nilimwona muongo na nikamwombea Mungu.

Toka hapo bustani ikawa yangu. Niliigawa nchi nchi. Juu, penye mivinje inayonong'ona hata pasipokuwa na upepo, palikuwa Arabuni. Chini, penye benchi la saruji na birika bovu lenye maji ya mvua, palikuwa Ulaya, na raia wake ni vyura wanaokoroma kuliko babu yangu, Mungu amrehemu. Katikati ulisimama mkungu mkubwa. Watoto wa mtaa tulizipasua kungu zake kwa jiwe, tukala kiini, tukabaki na vidole vyekundu wiki nzima. Mchana makarani wa ofisi za jirani walikuja kula malai ya ukwaju, barafu za kulamba, kivulini, na mlangilangi ulitia harufu hata kwenye malai. Nilikuwa na miaka tisa, na nakuhakikishia hakuna mfalme aliyetawala kwa raha kama ile.

Lakini msimu ukipamba moto, ufalme ulivamiwa. Nyumba za mjini hazikuwa na uwanja, ya bibi haikutosha kuanika hata leso. Kwa hivyo mtaa mzima ulitoka na majamvi na kuanika karafuu juu ya majani ya bustani. Asubuhi bustani ya kijani, saa nne imekuwa nyekundu, siku ya tatu kahawia, na harufu yake ukiivuta sana unapiga chafya mpaka Wete. Mtunza bustani, mzee mkali kwa maua yake, aliguna tu. "Msinianikie juu ya maua," ndilo sharti lake pekee.

Bibi alikuwa na mikarafuu michache nje ya mji, na mavuno yale ya jamvi moja ndiyo yake ya mwaka mzima. Kazi yangu ilikuwa kuyalinda na kuyageuza. Ubavuni, kwa nafasi ya kiganja tu, palikuwa na jamvi la jirani. Na jirani na bibi, ulikuwa mwezi wa tatu sasa, hawasemezani. Kisa? Arusini, jirani alisema mbele za watu kwamba mkate wa kumimina wa bibi unafaa kuezekea paa.

Siku hiyo niliona mbingu safi, nikaenda kukagua mipaka ya dola. Nilikuwa juu ya mkungu tone la kwanza liliponipiga puani. Mtu akapiga ukelele, "Mvua! Anueni!"

Hapo ndipo ungejua Chake ni mji wa namna gani. Hakuna aliyeuliza karafuu za nani. Makarani walitupa malai. Kinyozi alitoka na mkasi, na mteja wake nyuma ana nywele upande mmoja. Mtunza bustani mwenyewe alikanyaga maua yake yote, akabeba jamvi la mtu asiyemjua. Mimi niliteremka kwa kudondoka. Nikafika, nikakamata ncha ya jamvi la bibi, karani mmoja mnene akakamata ncha ya pili, na kwa haraka na hofu tukakamata na lile la jirani, tukakunja yote kwa pamoja, tukamimina ndani ya gunia moja.

Kwenye baraza ya ofisi, bibi alichungulia ndani ya gunia. Jirani naye akachungulia. Hakuna aliyenipiga, na hilo ndilo lililonitisha. Karafuu za jirani zilikuwa chache lakini kavu, bado siku moja tu. Za bibi nyingi, lakini mbichi. Nani atazitenganisha sasa, chembe kwa chembe?

Jirani alinitazama mimi. "Mwambie bibi yako agawe apendavyo. Mie sitaki kula haki ya mtu."

Bibi, hatua mbili kutoka kwake: "Mwambie jirani yako mie sigawi mali isiyo yangu. Agawe yeye."

"Kasema ugawe weye," nikamwambia jirani.

"Nimesikia, mie si kiziwi!"

Tukaenda hivyo, shingo yangu ikizunguka kama feni. Mmoja akisema chukua zaidi, mwengine akisema la, hiyo ziada nani atanijibia kwa Mungu. Mtunza bustani, aliyekuwa akikamua kofia yake, akachoka.

"Nyie mwatafuta kuhalalishiana, au mwacheza? Radhi haitumwi mtoto. Mtoto hana dhima. Semezaneni."

Mvua ikapiga bati. Bibi akatia mkono ndani ya gunia, akauzamisha mpaka kiwikoni, na uso wake ukabadilika. Karafuu mbichi zikirundikwa hupata joto, na zikilala hivyo, asubuhi zimevunda.

"Bi mwenzangu," akasema, bila kumwangalia, "zapata moto."

"Zapata moto na weye wasimama tu?"

Wakashuka chini wote wawili, magoti kwa magoti, wakazimwaga sakafuni na kuzitandaza kwa viganja. Baadaye wakagawa kwa kikombe, na kila mmoja akawa anarudisha kikombe kwa siri kwenye fungu la mwenzake, nami nikiona.

"Nihalalishie," bibi akasema mwisho.

"Nimekuhalalishia, duniani na akhera. Na weye?"

"Nimekuhalalishia karafuu. La mkate, tutaonana huko."

Jirani alicheka mpaka karani mnene akaja kuuliza kuna nini.

Sikwambii kwamba walipendana toka siku ile; waligombana mpaka uzeeni. Ila waligombana kwa mdomo, ana kwa ana, na msimu uliofuata wakaanika jamvi moja. Wote wawili wametangulia. Masomo nimeyamalizia ukubwani, darasa la usiku, na nimejifunza maneno mengi makubwa ya kuielezea siku hiyo, lakini sikuona lililo bora kuliko radhi.

Bustani ya leo ni nzuri kweli, sitaki kuisema vibaya. Ina taa, ina bembea, majani yake yamekatwa kama kichwa cha askari. Watu hukaa kila mmoja na benchi lake, husalimiana kwa heshima, na huondoka na kila walichokuja nacho. Nami nilitoka vivyo hivyo, nimemshika binti yangu mkono, hakuna chembe ya haki ya mtu iliyochanganyika na yangu. Sina wa kumwomba anihalalishie. Wallahi, sikuwahi kujihisi mpweke namna ile katika mji ninaoujua.