Daftari Kwanza, Togwa Baadaye

Saa mbili asubuhi, nje ya lango la kliniki ya wajawazito hapa kwetu Dedza, Malawi, Enelesi Mkumba anakoroga ndoo ya togwa, kinywaji kitamu cha unga na kimea, kwa mwiko mrefu. Mteja wa kwanza, tumbo mbele, ananyoosha kikombe.

"Daftari," anasema Enelesi.

"Mama, nimekuja kunywa, sijaja kutibiwa."

"Basi kanywe mtoni."

Ni daftari la kliniki, ambamo nesi huandika presha na sukari. Mjamzito asiye na vipimo vya mwezi huu haonji togwa ya mama huyu wa miaka hamsini na miwili. Kwa siku hufukuza wateja sita au saba.

Bintiye, Tiyamike, alipovimba miguu mimba ikiwa ya miezi saba, mtaa mzima ulishangilia. Kwetu uvimbe huaminiwa kuwa dalili ya mapacha. Kichwa kikamuuma, macho yakaingia ukungu, naye Enelesi akazidi kumpikia togwa, sukari tele.

"Aliniambia, 'Mama, twende kliniki.' Nikamjibu, 'Mwenye mapacha hatembezwi juani. Kunywa, upate nguvu.'"

Mwezi wa tisa, kifafa cha mimba kilimwangusha jikoni. Alizikwa pamoja na mtoto mmoja, mkubwa, wa kilo nne. Mapacha hawakuwapo.

Nesi alimweleza baadaye kwamba huenda sukari ilipanda mapema, presha ikafuata, na hakuna aliyepima. "Akasema togwa haikumuua. Sawa. Lakini aliyemwambia akae nyumbani ni mimi."

Jumanne iliyopita alimwona Fainesi Chisale, mjamzito, uso umevimba. Akamnyang'anya kikombe mbele ya watu. Mama mkwe wa Fainesi, Bi Dolofa, akawaka.

"Unamwonea wivu mkwe wangu kwa mapacha wake! Wako si ulimuua mwenyewe?"

"Mpeleke akapimwe kwanza, ndipo urudi unitukane vizuri."

Alipopimwa, presha ilikuwa 170 kwa 110. Fainesi amelazwa. Kama mtoto atapona, bado hakuna ajuaye.

Enelesi ana mpango: ameomba ndoo yake ihamie ndani ya uzio, mlangoni pa chumba cha vipimo, ili kila anayefuata togwa apitie kwa nesi.

Leo Bi Dolofa amerudi. Anataka aombwe radhi kwa aibu ile, palepale langoni.

Enelesi haachi kukoroga.

"Wa kuombwa radhi alikuwa mwanangu, na hayupo. Wewe sikuombi."