Ufa wa Bampa na Kiapo Alichokikataa Dekow

Kwa nini mtu asiye na kosa akatae kuapa?

Mwanangu, swali hilo lilinishinda nilipokuwa na umri kama wako, na siku hizo nilidhani maswali ya kunishinda ni machache. Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, hapa Garissa. Chuo chetu kilikuwa kimefungwa baada ya fujo za wanafunzi, sote tukarudishwa makwetu, nami nikaja nyumbani na sanduku la vitabu na mdomo usiotulia. Nilimuuliza imamu kwa nini hivi, nikamuuliza baba kwa nini vile, nikawauliza polisi wa darajani kwa nini ni sisi tu wa huku tunaoshushwa kwenye basi kuonyesha vipande vya utambulisho. Mama alisema maswali yangu yatanikosesha mume. Nikamuuliza ana ushahidi gani.

Wiki hiyo nyumbani kulikuwa na harusi. Abdinoor, bwana harusi, mtoto wa adeer yangu, yaani kaka mkubwa wa baba, alikuwa akifanya kazi Uarabuni, na kutoka huko alikuwa ametuma gari kwa meli. Halikuwa gari la aina tuliyoizoea. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, milango miwili na viti viwili tu, limeinama chini hadi ukiliona kwa mbali ungedhani matairi yamezama mchangani. Lilipoingia mjini, watoto walilikimbilia kutoka darajani mpaka langoni kwetu, na mzee mmoja wa jirani aliuliza mbuzi watapakiwa wapi.

Aliyelitoa bandarini Mombasa na kulileta Garissa alikuwa Dekow, dereva wa malori ya adeer. Barabara ya enzi hizo unaisikia tu, mwanangu. Mashimo, vumbi, magari yakisafiri kwa msafara na askari mbele kwa hofu ya majambazi. Dekow alilifikisha salama, akakabidhi funguo, akaenda kuoga. Alikuwa kijana mrefu mwenye maneno machache, kwao Griftu. Baba yake alikufa mapema, na mshahara wa udereva ndio uliokuwa unga na sukari ya mama yake na dada zake.

Abdinoor mwenyewe aliingia siku chache baadaye kwa basi kutoka Nairobi. Tayari alikuwa amewaambia wakwe zake kwamba gari ni jipya kabisa, hata nailoni za viti hazijatolewa, na kwamba binti yao ndiye atakayekuwa abiria wake wa kwanza. Gari likafunikwa turubai kando ya ukuta, likangojea siku yake.

Siku moja kabla ya harusi walikuja shemeji zake watatu kuliona. Abdinoor akashika ncha ya turubai, akalivuta kwa madaha kama mtu anayefungua duka jipya. Bampa la mbele lilikuwa limepasuka. Ufa mmoja mrefu ulitoka chini ya taa ya kushoto ukafika kwenye namba, na mwingine mdogo ulichipuka katikati ukapanda juu.

"Mashallah," akasema shemeji mmoja, kwa sauti ya mtu asiyejua aseme nini. "Ndivyo yanavyotengenezwa?"

Walipoondoka, nyumba ikalipuka. Mwanangu, lazima uelewe kilichomtia adeer hofu. Hakikuwa uzuri wa gari. Kwetu gari likigonga mtu au ngamia, dereva hajibu peke yake. Ukoo mzima unaketi chini na ukoo mwingine. Adeer aliuona ufa ule akaona wazee wageni wakiingia langoni katikati ya harusi, wakiuliza ni nani aliyemgonga mtoto wao akakimbia.

"Waryaa, Dekow!" aliita. "Uligonga nini?"

"Sikugonga kitu, adeer."

"Ufa umetoka wapi, basi? Umetumwa kwa posta?"

Dekow aliangalia chini. Hakujibu.

Ukimya ule haukunipendeza, lakini kelele za wengine hazikunipendeza zaidi. Kila mtu alikuwa ameshahukumu na hakuna aliyechunguza. Nikachukua rula, nikajifunga mtandio kichwani, nikalala chali mchangani chini ya pua ya gari. Binamu zangu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Chuo kikuu ndiyo wanafundisha hivyo?" mmoja akauliza. "Baba yako anauza ng'ombe ili ulale chini ya gari?"

"Ningekuwa ng'ombe ningelala pia," nikajibu. "Sogea, unanizibia mwanga."

Nilianza na jiwe, kwa kuwa wapo waliosema ni jiwe lililorushwa na lori la mbele. Jiwe likigonga huacha kishimo mahali lilipotua, na rangi huchubuka kukizunguka. Nilipapasa bampa lote kwa kidole, sikupata kishimo. Mnyama je? Hata paa mdogo angevunja taa au kubonyeza boneti, na angeacha unyoya mahali fulani. Hapakuwa na unyoya wala tone la damu, na hilo nililitangaza kwa sauti ya juu ili adeer alisikie. Matuta ya barabarani yalikuwa yameacha mikwaruzo, ndiyo, kwa sababu pua ya gari lile ilikuwa chini mno. Lakini mikwaruzo ilikuwa chini kabisa, na ufa ulikuwa juu yake. Nikauliza kama gari lilikwama mchangani likavutwa kwa kamba. Dekow alitikisa kichwa. Nikawashuku hata shangazi zangu, kwa maana sisi tulizoea bampa za chuma za malori, ambazo mtu huzipanda kumwaga maji kwenye rejeta au huzikalia akisubiri chai. Shangazi mmoja alinirushia kandambili.

Likabaki jua. Nikasimama, nikajipangusa mchanga, nikamweleza adeer kwamba bampa hili si chuma, ni plastiki. Kwamba limefunikwa turubai juani kwa siku kadhaa, na kwamba plastiki ikipata joto la namna hiyo huenda ikapasuka yenyewe.

"Jua hili lipo tangu Nabii Adam," adeer alisema. "Magari yangu hayajawahi kupasuka."

"Magari yako yana bampa za chuma, adeer."

"Ndiyo maana yanaitwa magari."

Hakunitania kwa furaha. Alikuwa amechoka na anaogopa, na mtu anayeogopa hutafuta kitu cha kumaliza mambo upesi. Akaagiza msahafu uletwe. Akamwambia Dekow atie udhu, kisha aweke mkono aape kwamba hajui lolote kuhusu ufa ule. Akiapa, yameisha. Akikataa, asiguse tena ufunguo wowote wa nyumba hii.

Tulisimama barazani. Dekow alikwenda kwenye pipa la maji, akatia udhu taratibu kama mtu anayejiandaa kwa sala ya Ijumaa. Alirudi maji yakimdondoka viwikoni. Akausogelea msahafu uliokuwa juu ya mto mweupe, akanyoosha mkono. Kisha akaurudisha.

"Siapi, adeer."

"Uligonga?"

"Sikugonga."

"Basi apa!"

"Siapi. Unisamehe."

Akaweka funguo zote za malori kwenye mkeka, moja baada ya nyingine, akaenda kuketi nyuma ya jiko. Hakuna aliyemfuata. Abdinoor alikuwa karibu kulia. Adeer aliufunika msahafu kwa kitambaa chake na kusema kwamba sasa tumejua.

Mimi sikujua. Nilikuwa nimeonyesha kwa macho ya watu wote kwamba gari halikugonga kiumbe, na mtu niliyekuwa nikimtetea alikuwa ameyaangusha yote kwa neno moja. Nilikasirika, nikakwenda kwa ayeyo, bibi yangu mzaa baba, nikamlalamikia. Ayeyo alikuwa mama wa adeer na mama wa sote. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akifukiza vibuyu vya maziwa ya ngamia kwa kijinga cha moto, na alikuwa amesikia yote kupitia dirishani.

"Umelala chini ya gari tangu asubuhi, Ebla," alisema. "Umeliuliza kila kitu. Dekow umempelekea hata chai?"

Nikaificha rula nyuma yangu.

"Hamna hata mmoja aliyempelekea. Wanaume wengi wameapa mbele yangu. Walioniibia mbuzi waliapa bila kusita, halafu wakaomba maziwa. Huyu amekwenda mpaka kwenye kitabu akarudi. Anajua atapoteza kazi, na mama yake yuko Griftu anamtegemea, na bado amerudi. Wewe msomi, hilo halikuulizishi kitu?"

"Linaniulizisha kwa nini."

"Basi mpelekee chai. Na usiende na rula yako."

Nilimpelekea. Alikuwa ameegemea ukuta, viatu amevivua, anaangalia kuku. Nikakaa chini kidogo mbali naye, kama ilivyo adabu. Alikunywa nusu ya kikombe kabla sijashindwa kujizuia.

"Dekow, kama hukugonga, kwa nini hukuapa?"

Alitabasamu kidogo. "Uliza lingine, walaal, dada yangu."

"Sina lingine."

"Wewe? Huna?" Akacheka, na kwa mara ya kwanza siku ile nilisikia mtu akicheka bila kumcheka mwingine. Lakini jibu hakunipa, na nilipoona jicho lake limelowa sikumsukuma zaidi.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, msafara ulijipanga kwenda kwa bibi harusi. Wageni kutoka Modogashe walikuwa wamejaa kwenye lori, wanaimba na kupiga makofi. Tulikuwa tumefunga ushungi mwekundu juu ya bampa ili usionekane ufa. Mpwa wa adeer, ambaye leseni yake haikuwa na hata mwezi, ndiye aliyechaguliwa kushika usukani. Hapo ndipo ayeyo alipotoka ndani, amevaa nguo yake ya sikukuu, akaenda moja kwa moja hadi kwenye gari jekundu, akafungua mlango, na kwa shida kubwa na msaada wa wajukuu wawili akajiingiza kwenye kiti cha abiria.

"Ayeyo," Abdinoor alisema kwa upole, "gari hili lina viti viwili tu."

"Nimehesabu. Mimi na Dekow, wawili. Niitieni."

"Mama," adeer alianza.

"Mimi ni mzee, naogopa barabara. Nataka dereva anayemwogopa Mungu. Unaye mwingine?"

Adeer alimtazama mama yake, kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaenda mwenyewe nyuma ya jiko. Sikusikia walichosemezana. Nilichoona ni adeer akirudi amemshika Dekow mkono, kama tunavyoshikana sisi na rafiki barabarani, akimpeleka mpaka mlangoni mwa gari.

"Na mimi?" Abdinoor akauliza.

"Wewe panda lori," ayeyo alisema kupitia dirishani. "Bibi harusi nitampisha nikifika. Wewe hujaoa bado, huna haraka."

Kicheko kilichotoka kwenye lori lile kilimaliza kesi. Abdinoor alivutwa juu kwa mikono ya watu, suti yake ikajaa vumbi la mbuzi, naye mwenyewe akacheka. Gari jekundu likaondoka polepole, ushungi ukipepea puani mwake. Hakuna wazee waliokuja kudai mtu wala mnyama, si wiki ile wala mwaka ule. Dekow aliendesha malori ya adeer mpaka ndevu zake zikaanza kuwa nyeupe.

Mwanangu, sikuambii uache kuuliza. Watakaokuambia hivyo ni wengi, na mimi sitakuwa mmoja wao. Uliza, pima, lala chini ya gari ikibidi, wacha wacheke. Lakini ukifika kwa binadamu, kumbuka kwamba tulipoona bampa limepasuka tulikuwa tayari kutaja sababu nyingi: jiwe, mnyama, tuta, kamba, jua, hata makalio ya shangazi. Mtu aliponyamaza, tulitaja moja tu. Kwa plastiki tulikuwa na subira zaidi kuliko tuliyokuwa nayo kwa Dekow. Mtu akinyamaza mbele yako, mpe angalau idadi ile ile ya sababu, na hatia iwe ya mwisho. Usimlazimishe kujitetea kabla hujamketisha na kumpa cha kunywa. Na kama hutapata jibu, vumilia kukaa nalo swali kuliko kulifunga kwa jina la mtu.

Mwenyezi Mungu akukuzie akili yako na aupanue moyo wako uwe nafasi ya watu kutulia. Akuepushe na hukumu ya haraka, ya kuitoa na ya kutolewa. Na siku utakayosimama mbele ya watu huna la kusema, akuletee mtu wa kukaa kwenye kiti kilicho kando yako. Amin.

Kuhusu ufa, niliambiwa na Abdinoor mwenyewe, naye sasa ana wajukuu. Miaka mingi baada ya harusi alilipeleka gari kwa fundi wa bodi Nairobi. Fundi alipokwangua rangi alikuta puti ya zamani, ile lipu wanayozibia mipasuko: gari lilikuwa limegongwa na kurekebishwa huko lilikotoka, nalo joto la kwetu lilikuwa limeifumua tu kazi mbovu ya mtu mwingine. Abdinoor alimpigia Dekow simu kumpa habari. Dekow alikuwa nazo tayari. Alikuwa ameitambua puti ile chini ya rangi bandarini Mombasa siku alipokabidhiwa funguo, akakusudia kumnong'oneza bwana harusi akifika. Lakini Abdinoor alipofika, wakwe zake walikuwa wameshaambiwa kwamba gari ni jipya, na kiapo cha adeer kilimtaka Dekow aseme hajui lolote.