Mtaro wa Chama

Magazeti yakiandika kuhusu jimbo letu, hapa pembezoni mwa jiji, husema halitabiriki. Halitabiriki kwa nani? Juu ya barabara ya lami kuna nyumba za uzio, na wenyewe hubadilisha chama kila uchaguzi kama wanavyobadilisha mapazia. Chini tupo sisi wa vyumba vya kupanga, ambao kura zetu zinajulikana kabla hatujaamka. Ndiyo maana mbunge hujenga juu, akaja kupiga picha chini.

Picha hupigwa kwa shangazi yangu, fundi cherehani. Kila kampeni mbunge huketi kwenye cherehani yake, akakanyaga pedali, akacheka, akaondoka. Shangazi humfutia kiti kwa kanga yake mwenyewe. Tangu ujana hajawahi kukipigia kura chama kingine, na sare za akina mama wa chama hushona yeye. Aliomba kitu kimoja tu: mtaro, maana mvua ikinyesha maji humwingilia dukani.

Mtaro ukajengwa. Kumbe ni wa watu wa juu! Walinung'unika kidogo tu kwamba maji yanatuama kwenye bustani zao, wakachimbiwa upesi, na mtaro ukavushwa lami ukaishia hatua chache kutoka mlango wa shangazi. Mimi nilitaka kupasuka kwa hasira. Yeye akanituliza, "Subiri mwanangu, watamalizia."

Kampeni zikaja, vitambaa vya sare vikaletwa, vikapangwa sakafuni. Ikanyesha mvua ya mchana mmoja, mtaro ukamwaga yote ndani. Rangi za chama zikachujuka, cherehani ikasimama kwenye tope hadi pedali.

Katibu wa chama wa kata akaja akifoka. "Mama, umeharibu vitambaa vya chama!"

Shangazi alikuwa anakamua jora. Akaliacha lidondoke. "Mimi? Mtaro wa chama ndio ulioharibu vitambaa vya chama. Nenda kamfokee aliyeuchimba."

"Na mheshimiwa anakuja kesho kupiga picha! Basi tuihamishie cherehani barazani kwa jirani, pakavu."

"Aje akae hapo hapo ilipo. Avue viatu."

Mheshimiwa hakuja. Shangazi akapita mlango kwa mlango kuwarudishia wateja nguo zilizolowa tope na kuwaomba radhi, na kwenye kila mlango akasimulia habari za mtaro ule. Siku ya kura alirudi kutoka kituoni amekunja uso. "Nimemnyima," akaniambia, kisha akalia kama aliyefiwa.

Mbunge alishinda, lakini kwa kura za kuokoteza. Zetu za chini zilikuwa zimegawanyika katikati. Wiki haijaisha, wapimaji wakafika na tepu zao, katibu mbele yao, meno yote nje. "Mama yetu, tumekuja kumalizia mtaro wako!"

Nilidhani atafurahi. Alisimama mlangoni.

"Miaka yote nimewapa, hamkuniona," akasema. "Nimewanyima mara moja tu, ndiyo mmeijua njia?"